Miaka Sita ya Petit

Papa, baba yangu, ana miaka hamsini na sita nyumbani na miaka hamsini ofisini. Hiyo sita ya katikati aliiacha uwanjani mwaka 1995, kwa hiari yake na kwa furaha kubwa, na haikumsumbua hata siku moja mpaka mwaka huu, alipotaka kuchukua akiba yake ya uzeeni.

Jina lake Eustache, lakini ukija Gatsata kwenye magereji ukamuuliza Eustache utazungushwa mpaka viatu viishe. Uliza Petit. Utaoneshwa mwanaume mwenye kipara na goti la kulia lililofungwa bendeji, amelala chini ya gari la mtu akilitukana kwa Kirundi. Petit ni Kifaransa, maana yake mdogo. Amekuwa mdogo kwa miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Nyakabiga, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka huku Rwanda. Alibatizwa kule, akajifunza mpira kule, akajifunza injini kule. Familia iliporudi huku kila mtu alikuwa anaandikwa upya. Karani alikuwa na foleni ndefu na kalamu moja. Akauliza, "Umezaliwa mwaka gani?" Papa alikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa, siku mbili kabla ya hapo, kocha wa timu ya mtaa iliyoitwa Etoile alikuwa amemwambia kuna mashindano ya vijana walio chini ya miaka ishirini na moja, na mshambuliaji hawana. Papa akamjibu karani: sabini na tano. Karani akaandika. Uongo wote ulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Etoile wakafika fainali. Dakika za mwisho Papa akampita beki mmoja kijana wa timu ya Nyamirambo, akampita tena kwa kurudi nyuma, maana mara ya kwanza haikumtosha, akafunga. Wakampa kombe dogo la mchezaji chipukizi. Kombe hilo liko juu ya televisheni yetu, na picha yake pembeni. Chipukizi ana masharubu. Ana uso wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba miezi mitatu. Kila mgeni anayeingia kwetu anasimuliwa lile goli, na mimi nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nadhani mpira ule nilipiga mimi.

Sasa habari ya akiba. Miaka tisa iliyopita ushirika wa mafundi ulimleta mtu kuwaeleza mambo ya uzee. Fundi wa gereji hana pensheni, ana mgongo tu, na mgongo unaisha. Yule mtu akawaambia kuna mfuko: unaweka kidogo kidogo kwa simu, pesa zinanunua hati fungani za serikali, faida inaingia kila mwaka, faida hiyo haikatwi kodi, na ukifika miaka hamsini na mitano unachukua zako, nazo hazikatwi. Kama ni kidogo, unapewa zote kwa mara moja.

Papa anamwona mtoza kodi hata ndani ya betri ya gari. Aliposikia kuna pesa isiyokatwa alijiandikisha kabla yule mtu hajamaliza soda. Elfu kumi na tano kila mwezi. Mwezi mzuri, elfu kumi na tano. Mwezi mbaya, elfu kumi na tano na sisi tunakula maharage bila mafuta. Mimi nilipoacha chuo katikati ya diploma ya uhasibu, alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akaweka elfu ishirini. Sikuuliza zile elfu tano za ziada zilikuwa na ujumbe gani. Niliuelewa.

Na hakutulia nayo. Faida inaongezwa mara moja kwa mwaka, yeye anaangalia salio mara tatu kwa siku, kama mtu anayefunua sufuria kila dakika kuona kama maharage yameiva. Asubuhi kabla ya viatu. Mchana chini ya gari, taa ya simu ikimmulika puani. Jioni akiwa amesimama mlangoni, maana Papa hakai. Mama humwambia, "Eustache, kaa chini, viti tulinunua." Anakaa nusu ya kiti, goti moja linacheza, kisha anakumbuka kitu nje.

Mwezi wa tano tukaambiwa bonde la Gatsata linasafishwa. Magereji yote ya chini yaondoke, maji yapate njia yake. Ushirika ukapata uwanja mwingine juu, wenye paa na sakafu ya saruji, na kila fundi akapangiwa: lipa milioni moja na laki nane kabla mwezi wa saba haujaisha, sehemu ni yako. Usipolipa utaruhusiwa kuingia kama kibarua, uwafanyie kazi wenye sehemu zao. Kibarua ndiye anayelala chini ya magari kutwa. Na goti la Papa lilishaanza kukataa kuinuka. Mara mbili tulimvuta kwa miguu kama tairi la akiba.

Kwenye mfuko alikuwa na milioni mbili na laki tatu na kitu. Kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Alivaa shati la kanisani, nikamsindikiza Kiyovu kwenye ofisi ya mfuko.

Dirishani alikuwa dada mmoja, Christella, sauti ya upole, kucha ndefu. Akaingiza namba ya kitambulisho, akatabasamu.

"Papa, bado unadaiwa miaka mitano."

"Nadaiwa?"

"Iko inasema umezaliwa sabini na tano. Una hamsini. Ni hamsini na mitano ndiyo unachukua."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Papa akikaa kiti kizima.

"Haiwezekani hata kidogo?" akauliza.

"Kabla ya hapo inaruhusiwa sehemu tu. Kwa kununua nyumba ya kukaa, ama kulipia shule."

"Gereji iko nyumba. Iko na paa."

"Iko na kitanda?"

"Kuna kiti cha Corolla. Watu wanalala pale."

Christella aliangalia kompyuta kwa muda, nadhani alikuwa anameza kicheko. "Na shule? Hamna mtoto anasoma?"

Wote wawili wakanigeukia. Hapo ndipo nilipojiona bidhaa adimu: diploma nusu, miaka ishirini na minne, tayari kuandikishwa. Nikamwambia Papa kwa Kirundi, polepole, kwamba naweza kuchukua barua ya chuo kesho, sehemu inayoruhusiwa itolewe, apeleke ushirika, pengo lililobaki akope. Mimi nitaingia darasani wiki moja kwa heshima ya dada wa dirishani.

Papa akanitazama. "Ingrid, utarudi kweli?"

Nikaangalia kucha za Christella.

"Basi," akasema, akainuka kwa kushika meza. "Nilidanganya mara moja, na hiyo moja bado nailipa."

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu huku akichechemea, akisimama kwenye kila gari lililoegeshwa kulisikiliza injini, hata lililozimwa.

Mama, Donatille, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Kisha akaingia chumbani akarudi na bahasha iliyolainika kama kitambaa. Ndani kulikuwa na kadi ya ubatizo, parokia ya Nyakabiga, mwaka 1969, muhuri wa zambarau bado unasomeka.

"Ulikuwa nayo muda wote?" Papa akauliza.

"Mama yako alinipa siku ya harusi. Alisema kuna siku utataka kuwa mkubwa."

"Na hukusema kitu?"

"Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na kitambulisho."

Ofisi ya sekta, serikali yetu ya mtaa, wakatuambia jambo linawezekana. Tarehe inasahihishwa, mahakama inaamua, ila kadi peke yake haitoshi. Aje shahidi mmoja asiye ndugu, aliyemjua tangu utotoni, aweke sahihi kwamba huyu mtu ni wa mwaka ule. Na Papa mwenyewe aandike maelezo: kwa nini alitaja mwaka usio wake. Yule afisa alisisitiza, "Uandike ukweli, muzee." Papa alikuwa hajawahi kuitwa mzee na mtu mwenye muhuri. Alifurahi kidogo, nikaona.

Mashahidi wa kutoka Nyakabiga waliobaki Gatsata ni wawili. Wa kwanza ni Silvère, rafiki yake, aliyekuwa winga wa kushoto wa Etoile. Tulimkuta anapaka rangi mlango wa Hilux.

"Silvère, nataka unishuhudie umri."

"Ule gani?"

"Wa kweli."

Silvère akaweka brashi chini. "Sha, mimi na wewe tuliandikwa na karani mmoja, siku moja. Ukiongezeka wewe, mimi watanitazama vipi? Kule kwa bosi wangu mimi niko na arobaini na nane."

"Wewe una hamsini na saba."

"Ndiyo nakuambia."

Akachukua brashi yake. Hakukasirika, alirudi tu kuwa na arobaini na nane.

Wa pili alikuwa Nkusi.

Nkusi anauza spea kwenye kibanda kinachotazamana na gereji ya Papa. Ndiye yule beki. Walikua mtaa mmoja Nyakabiga, walibatizwa kanisa moja, na Nkusi akiwa mtoto alikuwa akimbebea Papa viatu vya mpira. Kwa hiyo siku ile ya fainali alipomwona Papa kwenye orodha ya vijana alikwenda kwa waandaaji kulalamika. Waandaaji wakamwita Papa. Papa akanyoosha mkono juu akaapa kuwa ana miaka ishirini. Nkusi akaambiwa akacheze mpira aache wivu. Kisha akapitwa mara mbili mbele ya uwanja mzima, na tangu siku hiyo Gatsata yote inamwita beki aliyepitwa na mtoto. Akikosea kurudisha chenji, wanasema ni yeye, alipitwa hata na mtoto. Akichelewa harusini, ni yeye. Kwa miaka thelathini anamuuzia Papa boliti na plagi, wanasalimiana vizuri, na hawajawahi kukaa meza moja.

Papa alivuka barabara ile mara tatu kabla ya kusema shida yake. Mara ya kwanza alinunua feni belti ambayo hakuna gari lililoihitaji. Mara ya pili alinunua fyuzi. Mara ya tatu Nkusi mwenyewe akasema, "Petit, duka litaisha. Sema."

Papa akasema. Alieleza mfuko, Christella, goti, mwezi wa saba. Nkusi alisikiliza huku akipanga skrubu kwenye makopo, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa.

"Nitasaini," akasema.

Papa akashusha pumzi.

"Lakini kwanza utasema. Kesho mchana, kwa Winifred, watu wakiwa wanakula. Useme wewe mwenyewe, nisikie."

Winifred ndiye anayetuuzia melanji, ile sahani moja yenye wali, ndizi, maharage, viazi na chochote kilichopikwa siku hiyo. Mafundi wote wa bonde hula pale. Papa angeweza kusimama mahakamani, angeweza kusimama mbele ya padri. Lakini kwa Winifred?

Usiku ule hakulala, na sisi pia, maana nyumba yetu ni ndogo na yeye anatembea kwa sauti. Asubuhi nikamkuta amelishika kombe, analifuta kwa kitambaa cha grisi, linazidi kuchafuka.

"Wataniitaje sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Papa, bila sehemu kule juu watakuita kibarua."

Mchana ulikuwa umejaa. Papa alichukua sahani, akapakua mlima wa viazi ambao hakuula, akasimama katikati ya meza. Alisubiri kelele zipungue, hazikupungua, akaanza hivyohivyo.

"Sikilizeni. Lile goli. Sikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na ishirini na sita. Nkusi alisema kweli kwa waandaaji, na mimi niliapa uongo."

Vijiko vikasimama. Kisha fundi mmoja wa redieta, mdomo umejaa ndizi, akasema, "Petit, sisi tunajua. Ile picha iko na masharubu."

Wakacheka. Walicheka meza zote. Mwingine akasema aliwahi kudhani yule kwenye picha ni kocha. Papa alisimama pale na sahani yake, uso wake ukitafuta pa kukaa. Uongo aliouchunga kwa miaka thelathini, na hapakuwa na mtu wa kuuchungia. Hata mimi nilicheka, nisidanganye.

Aliyebaki bila kucheka ni Nkusi. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alipoanza kusema, hakupaza sauti, lakini kicheko kilikatika kutoka upande wake kuja upande wetu.

"Mlijua," akasema. "Mlijua, na mliniita vile."

Yule fundi wa redieta akameza ndizi yake.

"Mimi ndiye nilikuwa na kumi na tisa. Kulikuwa na mtu wa timu kubwa amekuja kututazama siku ile, alikuwa ameuliza jina langu. Baada ya mchezo hakuuliza tena. Wiki iliyofuata nilikataa kwenda mazoezini. Nikaanza kuuza spea." Akamtazama Papa. "Sisemi ningekuwa mchezaji mkubwa. Pengine ningevunjika mguu. Lakini ningependa kuwa nimejua."

Papa anajua kutukana giaboksi kwa lugha nne, lakini kwa Nkusi alipata maneno mawili tu. Mwishowe akasema, "Ulinibebea viatu."

"Nilikubebea viatu," Nkusi akasema. Akamaliza maharage yake, akaenda kunawa mikono, akarudi. "Twende huko sekta kabla hawajafunga."

Alisaini. Afisa alipomuuliza anamjuaje mwombaji, alijibu, "Alinipita mara mbili." Afisa akaandika: jirani wa utotoni.

Mahakama ilichukua wiki nne. Hizo wiki nne sitaki kuzikumbuka. Papa alifungua karibureta ya pikipiki ya jirani bila kuombwa. Alihamisha kitanda. Salio alianza kuliangalia mara kumi kwa siku, na mwenyekiti wa ushirika alimpigia kumkumbusha tarehe mpaka Papa akaanza kuitikia simu kwa kusema "bado" badala ya "alo". Sehemu zilizobaki zikawa sita, zikawa tatu. Siku ya ishirini na sita ya mwezi wa saba ikabaki moja tu, yake, na mtu mmoja wa Busanza alikuwa anasubiri Papa ashindwe.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Mwaka 1969. Papa alizeeka miaka sita kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Mfumo ukabadilika kesho yake, na tarehe ishirini na nane tukawa tena dirishani kwa Christella.

"Hongera, Papa," akasema. "Sasa umestaafu."

"Nimestaafu saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sawa. Saa nane iko klachi inanisubiri."

Pesa zote ziliingia kwenye simu, hakuna iliyokatwa. Papa alisoma ujumbe mara tatu, akatafuta mstari wa kodi, akaukosa, akanipa nisome mimi. Milioni moja na laki nane zilikwenda ushirika tukiwa bado tumesimama hapo, kabla ya mtu wa Busanza kunywa chai.

Nilidhani tutaondoka. Papa akainama tena dirishani.

"Na nikitaka kuanza kuweka tena?"

"Lakini umeshafika umri, Papa. Zile za kwanza ndizo zilikuwa za uzee."

"Mimi nimeingia uzeeni leo," akasema. "Sijaujaribu bado. Andika."

Christella akaandika.

Jumamosi alihama. Nilimsaidia kubeba jeki na masanduku ya spana mpaka sehemu namba kumi na nne, yenye paa, na shimo la kushukia chini ya gari kwa ngazi, ili asilale tena chali. Kibanda cha Nkusi kilikuwa kimevunjwa asubuhi hiyo pamoja na vingine, na makopo yake ya skrubu yalikuwa barabarani kwenye turubai. Papa alikwenda kwake akiwa na kombe mkononi.

"Hili lako," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa chipukizi."

Nkusi akaligeuza, akasoma jina, akamrudishia. "Lina jina lako. Nitawaeleza nini watoto? Nipe ukuta wa mbele wa sehemu yako nipange rafu zangu. Kodi nitalipa."

"Hulipi."

"Nalipa, Eustache."

Ndivyo alivyomwita. Papa alisimama kidogo kama mtu aliyesikia kelele mpya kwenye injini anayoijua. Kisha akainua upande mmoja wa turubai, Nkusi upande mwingine, wakapanda mlima nayo, Papa akilalamikia goti na Nkusi akimwambia mtu wa umri wake asibebe vizito.

Kombe limerudi juu ya televisheni. Picha ameigeuza ukutani, Mama ameigeuza tena. Na leo asubuhi, kabla ya viatu, nimesikia vidole vyake vikibonyeza simu.

"Ngapi?" nikamuuliza nikiwa kitandani.

"Elfu kumi na tano," akasema, na mlango ukafunguka.